Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Msikilizaji wa mtandaoni anatugharimu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninasimamia hesabu za kituo kidogo cha redio hapa Dar es Salaam, na ninakuandikia kwa sababu msikilizaji wa mtandaoni, ambaye kila mtu anatuhimiza tumfuate, ndiye anayetutia hasara.

Kwenye masafa ya FM, mtambo ukishawashwa, umeme na kodi ya mnara ni vilevile, awe anasikiliza mtu mmoja Mbagala au jiji zima. Mtandaoni, kila simu inayofungua redio yetu huvuta data yake peke yake: kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, msikilizaji mmoja hutumia karibu megabaiti 29 kwa saa, na wasikilizaji 1,000 hufikisha karibu gigabaiti 29 ndani ya saa hiyohiyo. Sisi tunailipia data hiyo inapotoka kwenye seva, yaani kompyuta inayorusha matangazo yetu mtandaoni, tuliyoikodi nje ya nchi kwa dola, na msikilizaji anailipia tena kwa bando lake. Siku Simba na Yanga wanapocheza, fundi wetu huitazama idadi ikipanda kwenye skrini mpaka inagota kwenye kikomo cha kifurushi tulicholipia. Kuanzia hapo kila anayejaribu kuingia hukataliwa, huku simu ya studio ikiita mfululizo.

Mapato ya matangazo ya biashara hayazibi pengo hilo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika anatulipa ili asikike na watu wa Temeke. Msikilizaji wetu aliyeko Muscat, ambaye tunamthamini sana, hatanunua kwake hata mfuko mmoja wa saruji.

Jiji letu lina kituo cha TIX, ambako watoa huduma wa intaneti hubadilishana data bila kuipitisha ng'ambo. Naomba Mamlaka iwakutanishe wenye redio na kampuni za simu, ili seva zetu ziwekwe hapa nchini na zilipiwe kwa shilingi, na ili kampuni hizo ziuze bando nafuu la redio kama zilivyokwisha kufanya kwa mitandao ya kijamii.

Naomba pia Mamlaka izungumze na Ofisi ya Hakimiliki mapema kuhusu malipo ya muziki unaopigwa mtandaoni. Nchini Marekani, mwaka 2002, kiwango kiliwekwa kuwa senti 0.07 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, yaani, kwa nyimbo 15 na wasikilizaji 1,000, dola 10.50 kila saa. Baadhi ya redio za vyuo vikuu zikaacha kabisa kurusha matangazo mtandaoni. Wanamuziki wetu walipwe, tena walipwe vizuri, ila malipo hayo yawe asilimia ya mapato ya kituo badala ya kuhesabiwa kwa kila sikio.

Vitabu vyetu vya hesabu viko wazi kwa maofisa wako wakati wowote watakapotaka kuvikagua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhasibu wa kituo cha redio, Temeke