Barua kwa Mwanangu Kuhusu Yusuf wa Peponi

Iringa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kwamba umemaliza kusoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Unasema Yusuf amekuvunja moyo kwa sababu mwishoni anawakimbilia askari wa Wajerumani, na kwamba kijana wa namna hiyo hajakua. Hapo sikubaliani nawe.

Kumbuka alikoanzia. Ana miaka 12 tu anapopandishwa treni na Aziz, tajiri aliyezoea kumwita ami na ambaye kila alipowatembelea alimpa sarafu, na hakuna anayemweleza kwamba anakwenda kuwa rehani ya deni la baba yake. Anayekuja kumfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye ni rehani. Kwangu mimi kukua kwa Yusuf kunaanzia hapo, si katika safari ya bara wala katika masaibu ya kwa Chatu, mtawala wa huko bara, ingawa huko ndiko kwenye vishindo: kunaanzia pale anapoelewa kwamba waliomzaa ndio waliomtoa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa kutoa wasichana wa kazi. Umewaona mwenyewe pale Ipogolo, binti aliyemaliza darasa la saba ameshika kiroba cha nguo, nauli imelipwa na mtu asiyemjua, na mama yake anamsisitizia akawe na adabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini pale stendi hakuna anayemuuliza binti umri wake. Shangazi yako aliondoka hivyo hivyo kwenda Dar es Salaam, kwa ahadi ya kufundishwa cherehani. Kila mwezi aliambiwa kwamba mshahara wake unatunzwa. Alipoomba ruhusa aje kumzika bibi yako, alihesabiwa sahani alizovunja, sabuni aliyotumia na dawa alizonunuliwa alipougua malaria, hadi ikaonekana kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Nilipofika katika riwaya mahali ambapo deni la wazazi linalipwa kwa miaka ya watoto, nilikifunga kitabu kwanza.

Kwa hiyo nakuomba urudie kusoma habari za Mzee Hamdani, mtumwa anayetunza bustani nyumbani kwa Aziz. Bibi aliyemmiliki alitaka kumpa uhuru kama zawadi, naye akaukataa, kwa hoja kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi huyo hata aweze kuutoa. Wewe umemwita mtumwa aliyezoea minyororo. Mimi naona ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayejua thamani yake bila kusubiri tajiri aikadirie, na maneno yake yanamwingia Yusuf kuliko mafunzo yoyote ya msafara. Lakini maneno peke yake hayampi kijana nauli. Yusuf hana ujira, hana shule, baba yake amekufa, na Amina, msichana ambaye Yusuf anampenda, tayari ni mke wa Aziz kwa sababu ya deni lile lile lililomfunga Khalil. Anaposikia mlango wa bustani ukikomewa nyuma yake, mbele yake kuna safu ya askari tu.

Sisemi kwamba amechagua vema. Vita ile ya 1914 hadi 1918 ilifika huku kwetu, na mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipita nchi ya Wabena kabla ya kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi ni makumi ya maelfu. Gurnah hakutuonyesha yatakayompata Yusuf, nami nampongeza kwa hilo, maana angemuua tungemlilia kijana na kuwasahau waliomweka rehani.

Niandikie kabla ya likizo unieleze, kama ungekuwa Khalil, ungebaki dukani au ungeondoka, na ungekwenda wapi. Kitabu usimwazime mtu, kwani shangazi yako amekiomba.

Mama yako