Mama, msimfungie chumbani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mimi huku sijambo, ila tangu Kaka aniambie mnataka kumfungia mdogo wetu chumbani mpaka pombe imtoke, sina raha.

Nakusihi, Mama, msifanye hivyo. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla, saa chache tu anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku mbili anaweza kushikwa na degedege, na kufikia siku ya tatu akaweweseka, akaona watu wasiokuwepo. Wapo wanaokufa hivyo. Apelekwe kwanza kwa mtaalamu apimwe, ndipo ijulikane ataachishwaje.

Hapa kliniki mimi ndiye ninayewapokea wenye shida ya pombe. Swali langu la kwanza ni moja: mara ya mwisho umekunywa saa ngapi? Kisha namwambia anyooshe mikono mbele, atanue vidole, nami natazama ncha zake zinavyotetemeka. Wengi huona haya hapo. Nawaachia muda.

Yapo pia maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani. Unakunywa mara ngapi, ukianza unashindwa kuacha, unahitaji pombe asubuhi ndipo uweze kuianza siku, yupo aliyekuambia upunguze. Majibu yana alama, kuanzia 0 hadi 40. Akifika 8 tunajua unywaji wake una hatari. 20 na kuendelea tunashuku uraibu. Lakini alama peke yake haitoshi kumwita mtu mraibu, ndiyo maana tunakaa naye tuzungumze: usingizi, kazi, madeni, bangi au vidonge kama anatumia, na kama amewahi kutaka kujidhuru. Hilo la mwisho naliuliza waziwazi, kila mtu. Damu nayo hupimwa, tuone hali ya ini. Kuna anayetoka hapo na miadi ya ushauri nasaha tu, na kuna anayelazwa siku hiyohiyo.

Wewe una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mdogo wetu atapunguza hesabu ya anachokunywa, karibu wote hupunguza. Andika unachokijua: anakunywa nini, kiasi gani, amewahi kuanguka au kupata degedege, anameza dawa gani. Mpe daktari. Ila akiulizwa yeye, mwache ajibu mwenyewe, hata akikosea.

Mwambie Kaka asimpe vidonge vya usingizi ili atulie. Vikichanganyika na pombe vinaweza kumkata pumzi. Na akianza kuweweseka au kupata degedege kabla hamjaenda, msisubiri kuche, mkimbizeni hospitali.

Nitampigia mwenyewe Jumapili. Msimwambie nimelia, mwambieni tu nataka kuongea naye.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye