Mzee akiganda mlangoni, msimvute mkono

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa Parkinson hapa Kigoma. Mzee amefika mlangoni, nyayo zimenasa sakafuni, na mwanawe kwa huruma anamshika mkono na kuvuta. Kiwiliwili kinakuja, miguu inabaki. Hapo ndipo anapoanguka.

Kuganda huko si ukaidi, na habari za kulogwa tuziache. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zimepungua, hivyo hatua zilizokuwa zikijiendea zenyewe sasa hazianzi. Mara nyingi huanza akipata kitu cha kulenga. Basi simameni kwanza. Avute pumzi, ahamishe uzito mguu huu hadi ule mara mbili tatu, mhesabie "moja, mbili", kisha anyanyue goti apige hatua ndefu, kisigino kitangulie. Pale anapoganda kila siku, choreni mistari ya chokaa iliyokingama njia yake kama mataruma ya reli, kila mmoja umbali wa hatua yake moja nzuri, sentimita 45 hivi. Ikichorwa kufuata urefu wa njia haimpi kitu cha kuvuka.

Kugeuka nako kuna hatari. Asijizungushe papo hapo juu ya mguu mmoja, azunguke kwa duara pana kama basi linavyogeuza stendi. Na asitembee huku akibeba kikombe cha chai au akijibu salamu. Kwetu salamu ni ndefu, tunajua. Asimame, aitikie zote mpaka za watoto na mifugo, ndipo aendelee.

Kigoda kiwekeni kando. Mpeni kiti imara kinachofika usawa wa magoti, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kusimama mgongo ukiwa wima, wanarudi chini puu! Aanze mara tano, afike kumi, asubuhi na jioni, na mtu awe karibu. Ashushe makalio polepole, asijitupe.

Kukandwa kwa mawese hatukatazi, misuli iliyokakamaa hupata nafuu. Ila kukandwa hakufundishi mguu kutembea, na kumfanyia mzee kila kitu "apumzike" kunamkakamaza zaidi.

Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshika, kwa wengi kama saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Kidonge kinywewe nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa protini ya dagaa na maharage inaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Kama kikimezwa tumbo tupu kinamletea kichefuchefu, muulizeni daktari kabla ya kubadili saa.

Akisimama akasema anaona kizunguzungu, akae mara moja. Presha ya wagonjwa wengi wa Parkinson hushuka wanaposimama, na dawa zenyewe huweza kuchangia. Ikijirudia, mpelekeni hospitali, na ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha tena akiwa amesimama kwa dakika tatu. Kipimo cha kukaa peke yake kinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Kigoma Mjini