Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru

Wanachama wenzangu, waandishi na watangazaji,

Mafunzo ya kuripoti migogoro ndiyo yaliyokula muda na pesa zetu nyingi mwaka huu, basi nianze nayo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na watu wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata ule wa 2007. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na haikuviacha nyuma vituo vya redio vya lugha za mama ilipotaja uchochezi.

Warsha zilifanyika Njoro na Kisumu. Washiriki walipewa habari ya kubuni: ng'ombe wameibwa karibu na Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho. Rasimu nyingi zilianza na kabila la washukiwa. Tulipouliza ni nani aliyelithibitisha, kimya. Rasimu za pili zilikuwa na mwenye ng'ombe, chifu na wazee wa pande zote mbili, na mtu hatimaye akauliza ugomvi wa mpaka huo unamfaidi nani. Hakuna aliyeambiwa afiche maiti. Anayedhani uandishi wa amani, yaani kuripoti migogoro bila kuichochea, ni kufumba mdomo hakuwa darasani. Agizo la Juni 2025 la kuzima matangazo ya moja kwa moja ya maandamano halikuwa amani, na mahakama ililisimamisha.

Watangazaji walifanya mazoezi ya simu za wasikilizaji. Mpigaji akianza na "hawa madoadoa", tusi kwa watu wa makabila yanayoitwa wageni, kata simu, eleza hewani kwa nini umeikata, endelea na kipindi. Ni rahisi kusema; taa za simu zikiwaka zote, mkono husita.

Kinachonikera ni kwamba tunafundisha upande mmoja. Mwandishi wa mashinani hulipwa kwa stori, na damu hupata nafasi upesi. Kichwa cha habari huwekwa Nairobi na mhariri asiyekuja kwetu. Mwenzetu alituma habari ya kikao cha maridhiano huko Kuresoi. Ikatoka na kichwa cha vita.

Kamati inapendekeza pesa za mwaka ujao ziende kwa wahariri kwanza, hata warsha za mashinani zikipungua. Najua wapo watakaopinga, wengine kwa sababu ya posho. Tujadiliane leo, kisha tupige kura.

Ada: wengi hawajalipa. Orodha iko kwa mweka hazina, pale mlangoni.