Vioo vya dirisha vinavyotoa umeme: tunaulizwa sana, jibu letu hili hapa

Siku hizi kila mtu akija kupimiwa madirisha ya aluminiamu lazima aulize, fundi, hivi vile vioo vya solar vinavyopitisha mwanga mnavyo? Video ameiona kwenye simu. Hatuna boss, na ngoja tukwambie kwanini, maana yupo atakayekuuzia tinted ya kawaida akuapie ndio yenyewe.

Kitu chenyewe kipo kweli. Umeshaona zile rula za plastiki za rangi ya chungwa, katikati imefifia lakini ukingoni inawaka kama imewekewa taa? Ndio hivyo hivyo. Plastiki inachanganywa na rangi inayomeza mwanga wa jua na kuutema tena, ni ndugu wa ile rangi ya vizibao vya bodaboda, na mwanga ukishatemwa humo ndani kama robo tatu yake haupati pa kutokea, unadundadunda mpaka kwenye kingo, na huko ndani ya fremu ndio kumefichwa vipande vyembamba vya solar. Wazo la zamani hili, Marekani waliliandika 1976. Uholanzi 2015 wakasimamisha kando ya barabara kuu karibu na Den Bosch kuta za majaribio za kuzuia kelele, zenye vioo vya rangi vya aina hii.

Shida ipo kwenye hesabu. Rangi inameza tena mwanga wake yenyewe njiani, kwaiyo kioo kikiwa kikubwa ndio hasara inazidi. Kipande kilichosifiwa sana 2008 kiligeuza asilimia 7.1 ya mwanga kuwa umeme lakini kilikuwa sentimita 5 kwa 5, hata kigae cha bafuni ni kikubwa kuliko hicho, wakati paneli ya kawaida ya juu ya bati siku hizi inafika 20. Na ukitaka kioo kiwe cheupe kabisa, yaani kisicho na rangi, umeme unapungua zaidi, maana mwanga uliouacha upite ndio huo hujauvuna. Alafu hapa Dar jua la saa sita liko utosini, dirisha limesimama wima, linaambulia kuchunguliwa tu. Ulaya wakati wa baridi jua linapita chini, dirisha linalipokea usoni.

Sifa moja tunaipa. Plastiki inayotumika sana ni perspeksi, hii hii ya mabango ya maduka, na mabaki yake yakipashwa joto kali kiwandani yanarudi kuwa kile kimiminika kilichoitengeneza, unatengenezea kioo kipya. Sisi tunaojaza viroba vya vipande vya perspeksi kila wiki hilo limetuuma kidogo. Ila rangi ndio inapauka na jua, angalia tu kizibao cha bodaboda wa siku nyingi.

Kwaiyo hela ya umeme ipeleke juu ya bati, dirishani weka tinted nzuri ya kupunguza joto. Na akija muuzaji wa kioo cha solar mwambie afungue fremu akuonyeshe waya zinapotokea. Juzi mteja wetu kaleta sampo aliyouziwa, tumeigeuza mezani pande zote nne, kioo cha bluu cha kawaida na stika ya jua.