Mwanangu, toa thina chumbani

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Hamisi,

Tumefika salama kutoka kwako Bagamoyo. Mama yako anawasalimu, na mjukuu wake anatajwa hapa kutwa nzima. Milango unayochonga ni kazi ya mtu anayejua, na hilo nililisema mbele ya wateja wako. Hili la chumba cha nyuma nimeona nikuandikie, ulisome ukiwa peke yako.

Chumba kina dirisha moja, nalo limezibwa na mbao. Humo ndimo unamopiga sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, na vanishi, unamokwangua rangi ya zamani, na ndimo yalimo madumu ya thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi na vanishi. Nilipouliza habari ya harufu ukanijibu, "Baba, mimi siisikii tena." Hilo limeninyima usingizi. Pua huchoka upesi. Ikiacha kunusa, mvuke bado upo, mapafu yanaupokea na damu inaupeleka kwenye ubongo. Kile kizunguzungu cha jioni unachosema ni cha jua, mimi siamini kuwa ni cha jua. Thina nyingi zina toluini, kemikali inayoyeyusha rangi, na toluini ikikuingia kwa wingi miaka na miaka huharibu kumbukumbu, hutetemesha mikono, hata masikio huyapunguza nguvu, hasa kwa mtu anayeshinda na kelele za randa ya umeme. Mchongaji akipoteza utulivu wa mkono atakula nini, Hamisi?

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, unashuka sakafuni, unapita chini ya mlango hadi ukumbini anakotambaa mtoto, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa. Toluini hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzijoto 4 hivi, na Bagamoyo haijui baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo dumu likiwa wazi, usiku au mchana, linangoja cheche tu.

Lakini kilichonitisha zaidi ni ile dawa ya kuondolea rangi. Nilisoma kopo lake: diklorometheni. Mwili huigeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Wapo mafundi waliokufa wakiitumia kwenye mabafu yasiyo na hewa, na mwaka 2019 Marekani ilizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo ya kuondoa rangi. Hii nakuomba uiache kabisa. Tumia msasa wa maji, na rangi ya milango ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, maana huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake nalo ni sumu.

Barakoa yako ya kitambaa inapunguza vumbi la mbao. Mvuke unapita kama hakuna kitu. Inayofaa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, navyo hubadilishwa. Na maziwa unayokunywa baada ya kazi, yanywe kwa lishe. Hayasafishi mapafu. Nimelisikia neno hilo kwa mafundi rangi miaka yote niliyofundisha kemia, na linanisikitisha, kwa sababu anayeamini kuwa amejisafisha hurudi kesho bila hofu.

Usinawe mikono kwa thina; paka mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Vitambaa vyenye mafuta ya linsidi, yale ya kupaka mbao, usivirundike, hujipasha joto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandaze uani vikauke. Thina isikae kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, Mungu aepushe, usimtapishe, kwani ikipanda inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Uani una nafasi ya banda. Liwe paa na nguzo tu, bila kuta, mbali na jiko, upepo wa bahari upite. Mabati nitanunua mimi. Pima urefu na upana, unipigie kabla ya Ijumaa, na kuanzia leo madumu yalale nje, yamefunikwa, kivulini, mahali mtoto hafiki.

Baba yako