Risala ya Kikundi cha Kemia ya Nadharia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Ratiba yako ni ngumu, tunajua. Barua zetu mbili za kwanza zilitufundisha hivyo.

Kikundi kilianza na wanachama wanne na ubao mmoja. Leo tuko tisa, na mbao ni mbili. Tunachunguza jinsi nishati ya mwanga inavyohama kati ya molekuli, kama ndani ya jani, ambako klorofili hupokezana nishati hiyo mpaka ifike inapotumika. Mwanasayansi Mjerumani Theodor Förster alishaonyesha, mwaka 1948, kwamba umbali ukiongezeka maradufu kasi ya kupokezana hushuka mara 64. Katika fani hii tumepata mafanikio makubwa: bango letu kwenye maonyesho lilisimamisha watu watatu, mmoja akauliza swali.

Mheshimiwa, tuje kwenye jambo lenyewe. Mlinganyo wa Schrödinger, unaoieleza molekuli kama wimbi, upo tangu 1926. Kinachokosekana ni mahali pa kuukokotoa. Molekuli ya maji ina mitetemo 3. Ukipima kila mtetemo kwa nukta 10, unapata namba 10 × 10 × 10, yaani 1,000, kazi ya simu ya mkononi. Methani, yenye atomu 5 tu, ina mitetemo 9: namba bilioni moja, gigabaiti 16 kuhifadhi wimbi lake mara moja tu. Kompyuta yetu ina gigabaiti 8. Mbinu za kubana hesabu tunazitumia, lakini klorofili ina atomu 137, haibaniki kiasi hicho.

Kompyuta hiyo ina karatasi juu ya swichi: "USIZIME, HESABU INAENDELEA." Mwezi uliopita umeme ulikatika siku ya 11 ya hesabu ya siku 12. Umeme hausomi karatasi.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi seva kabla ya mwaka kwisha. Tulipiga makofi, tukahamisha kabati, tukasafisha kona ya kuiweka. Mwaka gani, hakusema. Kona tunaendelea kuifagia.

Tunaomba seva moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 512, na betri ya kuilinda umeme ukikatika. Kamati ya kulichunguza ombi tunayo tayari, tena ni ya pili. Kwa unyenyekevu mkubwa, tungependa hotuba yako iwe na tarehe.

Ukimaliza kuhutubia, utaongozwa kuiona kona hiyo. Iko karibu na mlango, haitakuchelewesha.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi